Saa saba usiku, mtoto ana homa na ukurasa haufunguki

Mchukulie mama wa kijiji kimoja kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo. Ni saa saba usiku, mvua inapiga bati, na mtoto wake wa miaka miwili anachemka mwili mzima. Baba yuko safarini na simu iliyobaki nyumbani ni ile yenye kioo kilichopasuka pembeni. Chaji ni asilimia 18 na bando limebaki kidogo.

Mama anaandika: "mtoto ana homa kali nifanye nini." Majibu yanakuja na anabofya la kwanza. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu linatokea tangazo limefunika kioo kizima. Alama ya kulifunga ni ndogo kama mbegu ya mchicha. Anaigusa, kidole kinakosea, unafunguka ukurasa mwingine wa kuuza viatu. Anarudi nyuma. Sasa maandishi yametokea, ila ni madogo na yametoka nje ya kioo, kila mstari lazima auvute kulia na kuurudisha kushoto. Aya ya kwanza inaeleza historia ya ugonjwa wa malaria duniani. Kabla hajafika sehemu inayosema afanye nini, bando limekata.

Mama huyu amechorwa hapa kwa mfano tu, lakini mzazi yeyote wa vijijini mwenye simu anamtambua. Taarifa aliyoihitaji ilikuwepo na huenda iliandikwa na daktari bingwa. Ilimshinda kwa sababu aliyetengeneza ukurasa ule alikaa mbele ya kompyuta kubwa, kwenye ofisi yenye intaneti ya kasi, akasahau kwamba msomaji wake ameshika simu kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine.

Kwa nini jambo hili ni la afya

Kwa familia za Kigoma, ukurasa unaofunguka vizuri kwenye simu si suala la urembo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mkoa huo ulikuwa na kiwango kikubwa kuliko mikoa yote nchini. Takriban asilimia 24 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa walikutwa na vimelea, wakati wastani wa kitaifa ulikuwa kama asilimia 7. Mzazi wa Kasulu au Kibondo anayetafuta habari za homa usiku ana sababu nzito ya kufanya hivyo.

Mazingira nayo yana masharti yake. Miji hiyo miwili kwa miaka mingi ilitegemea umeme wa jenereta za dizeli, na katika vijiji vingi simu huchajiwa kwa sola au kibandani kwa malipo. Kuna vilima ambako mtu lazima atoke nje na kutafuta sehemu yenye mtandao. Wakazi wa vijiji vya mpakani wanajua jinsi simu inavyoweza kudaka mtandao wa Burundi badala ya wa nyumbani. Na katika nyumba nyingi simu moja ni ya baba, mama na mtoto wa sekondari kwa pamoja.

Anayetengeneza tovuti au aplikesheni kwa ajili ya wazazi hawa inabidi aanzie hapo: kioo kidogo, chaji kidogo, bando kidogo, muda kidogo.

Uzito wa picha, wepesi wa maneno

Kitu cha kwanza kinachomwangusha mzazi ni uzito wa ukurasa. Makala haya yote, yakihesabiwa maneno tu, hayafiki kilobaiti 20. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa bila kupunguzwa inaweza kufika megabaiti 4, yaani zaidi ya mara 200 ya makala yenyewe. Mzazi mwenye bando la megabaiti 100 akikutana na kurasa zenye picha kama hizo, picha 25 zinalimaliza lote.

Dawa yake ni rahisi na fundi yeyote wa tovuti anaijua. Picha hupunguzwa kabla ya kuwekwa, hadi kilobaiti mia moja au chini ya hapo, na kwenye kioo cha simu macho hayataona tofauti kubwa. Video haitakiwi kuanza kucheza yenyewe. Maneno yatangulie kufunguka, picha zifuate. Hata mtandao ukikatika katikati, mzazi awe tayari ameshasoma lile la muhimu.

Kuna kosa jingine ambalo limekuwa desturi: kuweka tangazo la afya kama picha ya barua yenye nembo na muhuri, au kama faili zito la kupakua. Barua ile ilipendeza ilipobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata. Kwenye simu haisomeki. Mzazi akiikuza, maandishi yanakuwa na ukungu. Mwenye uoni hafifu hawezi kuongeza ukubwa wa herufi, na asiyeona kabisa, ambaye simu yake ina sauti ya kumsomea maandishi, hasikii kitu kwa sababu mashine inaona picha tu. Maneno yale yale yakichapwa kama maandishi ya kawaida, wote hao wanahudumiwa kwa mara moja.

Kidole si mshale wa kompyuta

Kwenye kompyuta mtu hubofya kwa kimshale chembamba. Kwenye simu anatumia kidole, pengine kilicholowa au kilichotoka kumenya muhogo. Ndiyo maana Google huwashauri watengenezaji wa programu za Android kwamba sehemu ya kugusa iwe na upana wa kama milimita 9, ambao ni karibu sawa na punje ya hindi lililokomaa vizuri. Kitufe kidogo kuliko hapo ni mtego. Vitufe viwili vilivyobanana, kimoja "Tuma" na kingine "Futa", ni mtego mkubwa zaidi.

Herufi nazo ziwe kubwa kiasi cha kusomeka bila kukuza, na ziwe nyeusi kwenye eneo jeupe. Maandishi ya kijivu yanayoonekana ya kisasa ofisini hupotea kabisa kwenye jua la saa sita sokoni Kasulu.

Ukurasa pia unapaswa kujipanga wenyewe kufuata upana wa kioo, ili msomaji ashuke chini tu bila kuvuta pembeni. Wazo hili lilipewa jina na mbunifu wa tovuti wa Marekani, Ethan Marcotte, mwaka 2010. Mwaka 2015 Google ilianza kuzipa nafasi ya mbele tovuti zinazosomeka vizuri kwenye simu pale mtu anapotafuta jambo kwa simu. Kwa hiyo ofisi ambayo hadi leo ina ukurasa usiofaa kwa simu inawachosha wazazi na pia inajificha wasiione.

La maana litangulie

Jambo ambalo halihitaji fundi ni mpangilio wa habari. Mwandishi wa hotuba huanza na salamu na utangulizi. Mwandishi wa ukurasa wa afya anatakiwa aanze na kile ambacho mzazi atakifanya sasa hivi.

Ukurasa kuhusu homa ya mtoto, kwa mfano, ungepaswa kufungua kwa dalili za hatari ambazo wahudumu wa afya hufundishwa: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea sana au haamki. Mwenye hata moja ya hizo apelekwe kituo cha afya mara moja, iwe usiku au mchana. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa naye asisubiriwe. Kwa mtoto mkubwa zaidi asiye na dalili hizo, apelekwe kupimwa malaria bila kuchelewa, asipewe dawa za malaria kwa kukisia.

Maneno yale yanatosha kioo kimoja cha simu. Historia ya ugonjwa na majina ya kitaalamu yanaweza kukaa chini, kwa mwenye muda na bando.

Hali ni hiyo hiyo kwa kuharisha. Anachotafuta mzazi ni "pakiti moja ya ORS, lita moja ya maji safi na salama, mpe kila anapoharisha, na umpeleke kituoni apatiwe pia zinki." Akikipata kwenye mstari wa kwanza, ukurasa umefanya kazi yake.

Huduma zilizoanzia kwenye kitochi

Tanzania ina mifano mizuri ya kujifunzia, na mingi haikuhitaji simu janja. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, bibi asiyewahi kugusa kompyuta alijifunza kutuma fedha kwa kufuata orodha fupi yenye namba: moja, mbili, tatu. Orodha zile za nyota na reli hufanya kazi kwenye kitochi, hazihitaji bando la intaneti, na kila hatua huuliza jambo moja tu. Serikali nayo ilifuata njia hiyo kwa kuweka baadhi ya huduma zake kwenye *152*00#.

Mwaka 2012 ilizinduliwa kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mjamzito, mume wake au ndugu alituma neno MTOTO kwenda namba 15001 bila malipo, kisha akapokea ujumbe mfupi kwa Kiswahili kulingana na umri wa mimba au wa mtoto mchanga. Ujumbe mfupi wa kawaida una nafasi ya herufi 160 tu. Ufinyu huo uliwalazimisha waandishi kufanya kile ambacho tovuti nyingi zimeshindwa: kusema jambo moja, kwa maneno ya nyumbani, kwa wakati wake.

Kisha ukaja mfumo wa m-mama, uliofanyiwa kazi kwanza Sengerema na Shinyanga kabla ya kusambazwa nchini. Mjamzito au mzazi wa mtoto mchanga aliyepata dharura, au mhudumu wa zahanati aliye naye, anapiga 115 bure. Anayepokea ana programu mbele yake inayomwongoza maswali ya kuuliza na kumwonyesha gari lililo karibu, liwe la wagonjwa au la dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu. Kompyuta, ramani na mahesabu vyote vipo, lakini vimebaki upande wa ofisi. Upande wa mama kuna tarakimu tatu tu.

Hilo ndilo fundisho kubwa kwa yeyote anayetengeneza huduma ya wazazi. Ugumu haupotei, lakini mtengenezaji anaweza kuubeba mwenyewe badala ya kumtwisha mzazi. Kabla ya kujenga aplikesheni ya kupakua, inayokula nafasi kwenye simu iliyojaa picha za watoto, ajiulize kama ujumbe mfupi au namba ya kupiga bure isingetosha.

Fomu za shule na vyeti

Wazazi hukutana na tatizo hili nje ya afya pia. Siku ya matokeo ya mitihani, kurasa za Baraza la Mitihani huwa ni orodha za maandishi tu, hazina madoido, na wepesi huo huwasaidia wengi wanaofungua kwa wakati mmoja.

Fomu za kujaza ndizo zenye kazi. Mzazi anaombwa apakie cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwa aina fulani ya faili na kwa ukubwa usiozidi kiasi fulani. Kwa simu hajui aanzie wapi, anaishia kwenye stesheneri mjini, analipa nauli na huduma. Na akifika huko, wengi humwachia kijana wa stesheneri hata nywila yao. Fomu nzuri ingemruhusu apige picha ya cheti papo hapo, ingeipunguza yenyewe, na ingehifadhi alichojaza ili mtandao ukikatika asirudie mwanzo. Akikosea, imwambie kosa liko wapi kwa maneno ya kueleweka: "Namba ya simu imepungua tarakimu moja," badala ya maandishi mekundu ya Kiingereza yasiyosema kitu.

Kiswahili cha nani?

Lugha ni sehemu ya urahisi. Kutafsiri kwa Kiswahili hakutoshi kama Kiswahili chenyewe kinahitaji kamusi. Mama anayesoma "wasilisha" anaweza kusita. Akiona "tuma" anatuma. "Kiharusi cha homa" hakitamsaidia anayejua "degedege".

Wilayani Kasulu na Kibondo wengi hukua wakizungumza Kiha, na Kiswahili huja na shule. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996, kuna familia za Kikongo zenye Kiswahili chao, na Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015 kupokea familia kutoka Burundi zinazozungumza Kirundi. Kwa wasomaji kama hawa sentensi fupi, michoro iliyo wazi na kipande cha sauti kisichozidi dakika moja vinaweza kufika mahali ambapo aya ndefu haifiki.

Pia kuna siri ya mgonjwa. Nyumba yenye simu moja haitakiwi kupokea ujumbe unaotaja kipimo au dawa ya mtu kwa jina, ukaonekana juu ya kioo wakati simu iko mikononi mwa mtoto au jirani. Ujumbe salama husema tu, "Kumbuka kliniki yako Jumanne," na mhusika anaelewa.

Mzazi afanye nini leo

Wakati akisubiri watengenezaji wabadilike, mzazi anaweza kujirahisishia mambo kadhaa.

Kwanza, aingie kwenye mipangilio ya simu aongeze ukubwa wa maandishi, na achague Kiswahili kama simu inacho. Si aibu ya uzee, ni nafuu ya macho.

Pili, awashe kipengele cha kubana matumizi ya data kwenye simu au kwenye kivinjari. Azime pia upakuaji wa video na picha unaojiendesha wenyewe kwenye WhatsApp, kwani video za makundi ya harusi ndizo humaliza bando la dharura.

Tatu, asisubiri usiku wa homa. Mchana, akiwa mjini penye mtandao mzuri, afungue ukurasa wa dalili za hatari au wa kuchanganya ORS kutoka chanzo kinachoaminika, kisha aupakue au apige picha ya kioo. Siku ya shida ataufungua bila bando.

Nne, ahifadhi namba mbili ambazo hupigwa bure: 115 kwa dharura ya mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, na 199 ya kituo cha huduma kwa simu cha Wizara ya Afya. Aziandike pia kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, maana kadi haiishiwi chaji. Namba ya mhudumu wa afya wa kijiji iwe hapo hapo.

Tano, ukurasa wowote unaotaka namba ya siri ya fedha ili uonyeshe ushauri wa afya aufunge. Ushauri wa homa hauhitaji namba ya siri ya mtu.

Jaribio la soko la Kibondo

Kwa halmashauri, hospitali, mashirika na vijana wanaotengeneza programu, kuna kipimo kimoja kisicho na gharama. Wachukue simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa dukani, waiwekee bando dogo, waende nayo sokoni Kibondo saa sita mchana. Wamtafute bibi anayelea wajukuu, wamwamkie ipasavyo na kumwomba: "Shikamoo bibi. Tafadhali tusaidie, tafuta humu dalili za hatari za mtoto mwenye homa."

Kisha wanyamaze. Wasimwelekeze, wasimshike mkono. Wahesabu mara ngapi amekosea kitufe, mara ngapi amesogeza simu mbali na macho, mara ngapi ameuliza, "Sasa hapa wanasema nini?" Kila swali lake ni kazi ambayo haijaisha. Bibi akipata jibu kabla ya dakika moja, ukurasa uko tayari. Akishindwa, kasoro ni ya ukurasa.

Yule mama wa saa saba usiku hahitaji simu mpya wala shahada ya kompyuta. Anahitaji kubofya mara moja, kusoma mistari minne, na kujua kama amfunike mtoto kwa khanga na kutoka usiku huo huo, au ampe maji, amkeshee na kumpeleka zahanati kukipambazuka. Mistari minne inafunguka hata kwenye mtandao dhaifu wa mlimani, ilimradi aliyeiandika asiizike chini ya matangazo na picha.